Mradi ukifa, tuambiwe umekufa

Mtu akifa mtaani, tangazo hutolewa na watu wakazika. Mradi mkubwa ukifa, nani hututangazia?

Wakumbuka Palm Exotjca ya Watamu? Mwaka 2018 tuliambiwa Kilifi itapata jengo la orofa 61, urefu wa mita 370, kwa takriban Sh28 bilioni. Hoteli, fleti, kasino, yaani Dubai ndogo. Lingeipiku Carlton Centre ya Johannesburg, mita 223, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote Afrika. Picha za kompyuta zilizunguka kila simu. Jengo lenyewe hakuna.

Bara nako vilevile. Mei 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua The Pinnacle kule Upper Hill, Nairobi: orofa 70, mita 320. Mzozo wa ardhi ukafika kortini, kazi ikakwama, likabaki shimo.

Wapo watakaosema vijana tuna wivu, hatutaki makubwa. Hapana. Niliacha chuo kwa kukosa karo, nikafanya vibarua vya mjengo, kwa hivyo orofa 61 kwangu ni ugali. Ila najua pia ahadi hizi hufanya nini. Fundi akisikia kazi kubwa yaja, huacha ile ndogo, hukopa, hungoja. Mwenye kijishamba naye hupandisha bei au huuza haraka kwa dalali. Mradi ukiyeyuka, mwenye picha hapotezi usingizi. Deni labaki kwa fundi.

Na maswali ya kawaida hayaulizwi. Watamu na Mombasa zote zategemea maji ya Baricho, na hapa kisiwani bado twanunua mitungi ya mkokoteni. Maji ya kupanda orofa 61 yangetoka wapi? Mbele ya Watamu kuna hifadhi ya bahari, na kasa hutaga mchangani. Taka zingeenda wapi?

Linganisha na daraja la kuelea la hapa Liwatoni, lililofunguliwa Januari 2021. Lilikuwa na kasoro zake, na wengi walilalamikia gharama. Lakini watu walilivuka kwa miguu yao, kwa sababu shida ya feri ya Likoni ilikuwa ya kweli. Nani Watamu alikuwa akihangaika kwa kukosa orofa ya 61?

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kiongozi yeyote kukata utepe, tuonyeshwe hati safi ya ardhi, pesa zilipo na maji yatakakotoka. Miaka mitatu ikipita bila msingi, serikali ya kaunti itangaze hadharani: mradi huu umekufa, sababu ni hii.

Ahadi ni deni, wazee wasema. Basi anayeshindwa kulipa, aseme, ili vijana watafute kazi kwingine.