Jua ni la Bure, Umeme Wake Si wa Bure



Watu wengi husema ya kuwa umeme wa jua ni wa bure, maana jua halimtozi mtu kodi. Kwa hiyo yaipasa serikali kuusaidia kwa mali nyingi. Neno hili ni tamu masikioni, walakini halijapimwa. Jua ni la bure. Paneli, betri, nyaya na kazi ya fundi si vya bure. Tena serikali itoapo fedha, imezitoa kwanza mifukoni mwa watu. Basi swali si kama jua ni jema, bali ni nani atakayelipa.

Tutazame Ujerumani, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa miaka mingi. Mwaka 2000 iliwekwa sheria ya kwamba mwenye paneli auze umeme wake kwa bei maalum, nayo isipunguzwe kwa muda wa miaka 20. Hapo mwanzo alilipwa karibu senti 50 za Euro kwa uniti moja, hali umeme sokoni ulikuwa wa senti chache tu. Ni nani aliyeziba pengo hilo? Ni wanunuzi wa umeme, kwa nyongeza iliyotiwa katika hati zao za malipo, kwa ajili ya umeme wa jua, wa upepo na wa namna nyingine kama hizo. Mwaka 2014 nyongeza ilifika senti 6.24 kwa uniti. Nyumba itumiayo uniti 3,500 kwa mwaka ililipa zaidi ya Euro 200.

Sasa pimeni wenyewe. Aliyepokea ni mwenye paa lake na akiba ya kununulia paneli. Miongoni mwa waliolipa alikuwamo mjane aliyepanga chumba mjini, asiye na paa. Viwanda vikubwa vitumiavyo umeme mwingi vilisamehewa sehemu kubwa ya nyongeza, mjane hakusamehewa. Ndiyo maana wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyongeza hiyo iliondolewa Julai 2022, lakini malipo hayakukoma; yalihamishiwa hazina ya serikali, ambayo hujazwa na watu wale wale.

Tena jua haliji kwa saa ya haja. Mwezi wa Desemba mchana wa Berlin haufiki saa 8, na ndipo watu wahitajipo taa zaidi. Wakati wa joto, adhuhuri, umeme huzidi. Mwaka 2024 zilikuwapo saa zaidi ya 400 ambazo bei ya soko ilishuka chini ya sifuri, hata muuzaji akamlipa mnunuzi auchukue.

Wengine watajibu ya kuwa fedha za Wajerumani zilikuza soko, paneli zikawa rahisi, nasi tukafaidika. Ni kweli. Lakini faida yetu haimrudishii mjane fedha yake.

Nami siilaumu taa ya jua. Mtoto wa kijiji kisicho na nyaya, asomaye kwa taa hiyo badala ya koroboi lenye moshi, amepata faida yakini. Na baba aliyeinunua kwa jasho lake hakumdhulumu mtu. Ila siku tutakapoambiwa ya kuwa serikali itawasaidia wenye paneli, tuulize kwanza: Nani atatoa, na nani atapokea? Asiye na paa asimlipie mwenye mapaa mawili.