Je, Mtoto Huzoea Malaria?



Likizo za shule zikikaribia, wengi wetu huku Mbagala, Tandika na Manzese tunafungasha nguo za watoto waende kijijini kwa bibi. Mwenzetu akitukumbusha chandarua, tunajibu: "Ah, wangu ameshazoea malaria." Je, mtoto huzoea kweli?

Swali hilo lilichunguzwa Muheza, mkoani Tanga. Kuanzia mwaka 2002 watafiti waliwafuatilia watoto wa huko tangu kuzaliwa. Wote waliishi penye mbu wengi, lakini wengine walisumbuliwa sana na malaria, wengine kidogo. Daktari mtafiti Jonathan Kurtis wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na wenzake walilinganisha damu ya makundi hayo mawili.

Mwaka 2014 walitangaza walichokiona. Vimelea vya malaria huingia katika chembe nyekundu ya damu, huzaliana humo, kisha huipasua na kutoka ili kushambulia nyingine. Baadhi ya watoto walikuwa na kingamwili, yaani askari wa damu, wanaovizuia vimelea visitoke. Ni kama kumfungia mwizi chumbani. Watoto waliokuwa na askari hao hawakupata malaria kali.

Basi kinga ipo, lakini tutazame gharama yake. Hujengwa polepole, kwa kuambukizwa tena na tena, na watoto wengi hufa kabla haijakomaa. Ile ambayo mtoto mchanga huipata kwa mama yake hupungua baada ya miezi michache. Mtoto wa mjini, asiyekutana sana na mbu wa malaria, huwa nayo kidogo. Kumpeleka kijijini bila chandarua ni kumtuma vitani bila ngao.

Kwa hiyo chandarua chenye dawa kitangulie kwenye begi. Akirudi na homa, apimwe siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kwamba alisafiri. Akishikwa na degedege, tusipoteze muda kutafuta aliyemroga, tukimbilie hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023. Hata mtoto aliyechanjwa bado anahitaji chandarua.

Tuwashukuru akina mama wa Muheza. Walikubali watoto wao watolewe damu, ili wetu nasi wapone.