Ukaguzi Unaoishia Langoni

Askari wa Bulumbi hahitaji kuelezwa njia ya panya ni nini. Barabara kuu ya Busia ina lango, na tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa na Rais Museveni na Rais Kenyatta mwezi wa Februari 2018, maafisa wa nchi mbili hufanya kazi hapo bega kwa bega. Lakini mwenye magendo hupita mashambani. Kamanda anayepeleka doria langoni tu, kisha akaandika kwamba mpaka u salama, ameandika habari za lango, hakuandika habari za mpaka.

Twasema hayo kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya mpaka na ya polisi sasa imo ndani ya kompyuta. Ushuru wa lori na hati ya tabia njema hushughulikiwa katika mifumo inayofunguliwa kwa jina na neno la siri. Mifumo hiyo hukaguliwa na programu zinazojiendesha zenyewe, kama vile ZAP iliyoanza kutolewa bure mwaka 2010. Programu hizo hubisha kila mlango, hujaribu kila kitasa, kisha hutoa ripoti. Ripoti humfikia afande ikisema hakuna hatari kubwa, naye hutia sahihi. Je, ameuliza kama mkaguzi huyo aliingia ndani?

Programu isiyopewa njia ya kuingia huona ukurasa wa kuingilia na kurasa chache za wazi, basi. Majalada yote yako nyuma ya ukurasa huo. Kinachotusikitisha ni kwamba ripoti ya namna hiyo ndiyo huonekana safi kuliko zote.

Wala hatari si ya kubuni. Mwaka 2013, mahakama ya kesi za ufisadi mjini Kampala iliwatia hatiani watu walioingia katika mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda mwaka 2012. Hawakuvunja lango, waliingia kwa majina ya maafisa. Hatusemi kwamba programu ya ukaguzi ingalizuia maneno ya siri kuibwa. Twasema kwamba ndiyo ingeweza kuonyesha mapema mtu aliyekwisha kuingia aweza kufika wapi. Shirika la OWASP, linaloorodhesha kasoro za tovuti, mwaka 2021 liliweka katika nafasi ya kwanza kasoro ya mtu kufikia asichoruhusiwa. Konstebo akibadilisha tarakimu moja katika anwani ya ukurasa, akajikuta anasoma jalada la kituo kingine lenye jina la mtoa habari, kasoro ndiyo hiyo. Haigunduliki mpaka mkaguzi aingie kwa majina mawili, la mdogo na la mkubwa, na kulinganisha.

Majina hayo yawe ya mkaguzi mwenyewe, yafunguliwe kwa kazi hiyo na kufungwa ikiisha. Kuazima jina la askari ni kumtega ndugu yetu, kwani kila litendekalo huandikwa kwa jina lake. Kesho ataulizwa kwa nini alifuta majalada usiku wa manane, naye alikuwa amelala kambini.

Tena programu hii ni mtiifu kupita kiasi. Hubonyeza kila kitu, hata kitufe cha kutoka, ikajitupa nje yenyewe, kisha ikaendelea kukagua lango kwa saa nyingi ikidhani imo ndani. Kwa hiyo mafundi hawana budi kuikataza kitufe hicho, pamoja na vile vya kufuta, na kuifundisha alama inayoonekana na aliyeingia tu, kama jina lake juu ya ukurasa. Alama ikitoweka, iingie upya. Mlinzi wa zamu aelewa jambo hili vizuri kuliko fundi.

Kazi hii ifanyiwe kwenye nakala ya mfumo yenye habari za kubuni. Busia hufanya kazi usiku na mchana, na programu ikikosea neno la siri mara nyingi yaweza kufunga akaunti za maafisa huku malori yamepanga foleni. Pale mfumo unapotuma tarakimu za siri kwenye simu, isiwe sababu ya kuondoa kinga hiyo kwa watu wote. Ilegezwe kwa jina la mkaguzi peke yake, na kwenye nakala hiyo tu.

Ruhusa nayo iwe ya maandishi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zinahesabu kuingia katika kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Ripoti itakayoletwa mezani ionyeshe idhini hiyo, majina yaliyotumika, na idadi ya kurasa za ndani zilizofikiwa. Kama idadi hiyo haimo, afande airudishe bila sahihi.