Majimaji Haikuangukia Uwanjani

Ukikaa jukwaani Uwanja wa Majimaji, Songea, hutakosa mtu wa kukufundisha mpira. Beki akikosea pasi, kauza mechi. Kocha akimtoa kiungo dakika ya 60, hajui kazi. Kipa akifungwa bao la mbali, apande basi la alfajiri arudi kwao. Mechi ikiisha mjadala unahamia mitaa ya Mfaranyaki na Bombambili, kwenye vijiwe vya bodaboda na mabanda ya chipsi, na kabla ya saa mbili usiku mji mzima umeshapanga kikosi cha Jumamosi ijayo.

Siyabezi maoni hayo. Shabiki wa Songea anaujua mpira kwa sababu ameuona ukichezwa vizuri hapa hapa. Majimaji ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano, ile iliyokutanisha timu bora za Bara na Zanzibar, mwaka 1985, ikautetea 1986, ikarudia tena 1998. Mara tatu, kutoka mji ulio zaidi ya kilomita 900 na Dar es Salaam! Wazee waliomshuhudia Celestine Mbunga, “Sikinde”, akiwatesa mabeki hawawezi kudanganywa na mshambuliaji anayejua kukimbia tu. Na timu yenyewe imebeba jina la vita vya 1905 hadi 1907, katika mji ambao Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni tarehe 27 Februari 1906. Mashabiki wake wanaitwa Wanalizombe, kwa ngoma ya Wangoni. Kwa hiyo Majimaji ikifungwa, watu hapa hawapotezi pointi tatu peke yake.

Nina neno na sisi mashabiki hata hivyo. Kwa miaka yote hii tumemkagua kila aliyevaa bukta, na kila aliyekaa benchi, lakini hatukuwahi kukagua ofisi kwa bidii hiyohiyo. Timu ilishuka daraja 2011. Ikapanda tena 2015, mji ukashangilia, ikadumu misimu mitatu, kisha 2018 ikashuka pamoja na majirani zetu wa Njombe Mji. Tangu hapo Ligi Kuu tunaiona kwenye televisheni. Kila iliposhuka lilipatikana jina la kulaumiwa, na kila mara jina hilo lilikuwa la mchezaji au la kocha.

Tuanze na wachezaji, maana hapo ndipo kelele zilipokuwa nyingi. Katika misimu ile mitatu walipita hapa watu wenye majina makubwa. Danny Mrwanda, aliyewahi kutamba na Simba na Taifa Stars, alivaa jezi ya Majimaji. Jerson Tegete, aliyeifungia Yanga mabao mengi enzi zake, alikuja 2017. Walikuwa wachezaji wa kweli, na sitamlaumu mmojawapo kwa kuja Songea jua lake likiwa limepita utosini. Mchezaji huenda anakoitwa. Swali langu ni kwa aliyewaita. Timu isiyo na fedha inapomsajili mkongwe, inanunua jina la kuuza tiketi za mechi za mwanzo. Miezi minne baadaye mvua zimeanza, nyasi ni nzito, safari ni ndefu, na uzoefu pekee haumbebi mtu hadi dakika ya 90. Wakati huohuo kijana wa Namtumbo au Mbinga aliyeng'ara kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, amesharudi shamba, au amechukuliwa na timu ya jeshi inayoweza kumpa ajira. Mkoa huu haujapungukiwa vipaji. Umekosa mtu wa kuwafuata vijana hao kwao, akawaweka kwenye timu ya vijana, akawavumilia miaka mitatu.

Makocha nao. Mfinland Mika Lönnström alikuja 2015, hakukaa. Kally Ongala, mshambuliaji wa zamani wa Yanga na Azam, alipokea kijiti, na mashabiki wengi bado wanamkumbuka kwa heshima, kwa haki kabisa. Baadaye tulimwona akikalia benchi la Azam na kushinda mechi mfululizo. Ni mtu yuleyule mwenye ujuzi uleule. Tofauti ni kwamba Chamazi, kwenye maskani ya Azam, mchezaji anaamka, anakunywa chai iliyopangwa na mtaalamu, anafanya mazoezi kwenye uwanja wa klabu, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Kocha wa timu ndogo ya mkoani kazi yake ya kwanza asubuhi ni kuwabembeleza wachezaji wafike mazoezini. Wa kwanza anadai posho ya mechi iliyopita, wa pili amefungiwa chumba na mwenye nyumba, wa tatu ana goti lililovimba na hakuna wa kulipia kipimo. Jumatano anaambiwa basi la kwenda Bukoba halijapata mafuta. Kocha huyo hata akiwa bora Afrika nzima, mfumo wake utakuwa ni kuomba Mungu wapinzani wakose penalti.

Magazeti ya michezo yana neno moja kwa hali hiyo, ukata, na katika misimu ile neno hilo na jina la Majimaji vilikuwa haviachani. Tulilisoma, tukasikitika, halafu Jumamosi tukamzomea kocha.

Ni vizuri kukumbuka timu ya 1985 iliishi vipi. Wazee wa mji hawamalizi habari hiyo bila kumtaja Dk. Lawrence Gama, mkuu wa mkoa wa wakati ule, aliyeuunganisha mkoa mzima nyuma ya timu. Lakini hata kiongozi mwenye moyo namna ile alikuwa na mfumo wa kumbeba. Enzi hizo mashirika ya umma yaliajiri wachezaji: mtu alikuwa na kazi, nyumba na mshahara, mpira ukawa juu yake. Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, zote zilisimama hivyo. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulipokuja, nguzo hiyo iliondoka, na klabu nyingi za mikoani hazikujenga nyingine.

Ubingwa wa 1998 unaisumbua hoja yangu, na ni haki kuujibu. Wakati huo mashirika yalikuwa yameshayumba, na bado Majimaji ilitwaa kombe. Nadhani jibu ni kwamba hata Simba na Yanga ziliishi kwa mifuko ya wafadhili, leo wapo, kesho wamenuna. Pengo lilikuwa dogo, kundi la vijana wenye uchungu lingeweza kuliruka. Pengo la leo si la kuruka. Azam ilipanda Ligi Kuu 2008 ikiwa na kampuni nyuma yake, na 2014 ikawa bingwa. Mwaka 2021 Azam Media ikasaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ukiahidi bingwa wa msimu wa kwanza milioni 500 na wa mwisho milioni 20. Hata hiyo milioni 20 ni ya aliyemo. Aliye nje anatazama. Kila msimu ambao Majimaji inakaa chini, wa juu wanazidi kusogea mbali.

Basi nani aimiliki timu ya namna hii? Hapa ndipo ninapotaka ubishi wa vijiweni uhamie.

Wengi wanasema Manispaa. Mifano ipo, tena ya kuuma. Mwaka uleule wa 2018 tuliposhuka, KMC ya Manispaa ya Kinondoni ilipanda. Mbeya City ilipanda 2013 ikiwa timu ya halmashauri, na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi. Wa kuuma zaidi ni Pamba: mabingwa wa Muungano 1990, wakashuka 2001, wakapotea, hadi Jiji la Mwanza lilipoichukua timu na kuirudisha Ligi Kuu 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Historia yao ni pacha wa yetu. Kwa nini wao waweze?

Ninavutiwa na hoja hiyo, ila siimezi yote. Fedha ya halmashauri ni ushuru wa mama anayeuza ndizi Soko Kuu. Darasa likikosa madawati na zahanati ikikosa dawa, diwani ana haki ya kuuliza posho ya kambi imetoka fungu gani. Pia mkurugenzi huhamishwa. Anayekuja anaweza kuwa mpenzi wa netiboli. Mbeya City yenyewe ilishuka 2023, ikakaa nje misimu miwili kabla ya kurudi. Halmashauri inaweza kuwa mguu mmoja wa meza, kwa kiasi kilichopitishwa na baraza la madiwani na kuandikwa wazi. Ikiwa ndiyo meza nzima, kila uchaguzi na kila uhamisho utaitikisa timu.

Wengine wanasema apewe tajiri. Tajiri analipa kwa wakati, hilo sibishi. Ila timu ya tajiri huondoka na tajiri. Ihefu ilikuwa fahari ya Mbarali, na Yanga haitaisahau Novemba 2022, pale kwenye uwanja wa Highland Estates ilipokatiwa rekodi yake ya mechi 49 bila kufungwa. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida, ikabadili jina, na watu wa Mbarali wakabaki na uwanja. Na sisi tumepokea upande wa pili wa biashara hiyo. Songea United, iliyocheza Championship msimu wa 2024/25 kwa jina la mji wetu, ilikuwa ikiitwa FGA Talents. Vijana wake nawashangilia, maana mtoto wa mtaa wa Lizaboni anahitaji kuona mpira mzuri kwa macho yake. Lakini timu iliyokuja kwa karatasi inaweza kuondoka kwa karatasi, na aliyesaini kuondoka hatakuwa mwanachama wa Songea.

Mimi nasimama na njia ya wanachama walio wengi, pamoja na wabia wa mkoa. Serikali ilishaweka mpaka mzuri ilipoamua kuwa katika klabu za wanachama wawekezaji wasizidi asilimia 49. Simba ilipitia mlango huo. Ujerumani nako kanuni ya kura za wanachama kuzidi nusu ndiyo imewafanya mashabiki wa mji waendelee kuwa na sauti. Kwetu asilimia 49 isiende kwa mtu mmoja. Mkoa wetu wa Ruvuma unalisha nchi mahindi. Tuna kahawa ya Mbinga, korosho na ufuta wa Tunduru, tumbaku ya Namtumbo. Vyama vikuu vya ushirika kama SONAMCU na TAMCU vinauza mazao ya maelfu ya wakulima kwa mnada. Makaa ya mawe ya Mbinga yanapita mjini usiku na mchana kwenye malori kuelekea bandari ya Mtwara. Wote hawa wangeweza kununua hisa, au angalau jina kwenye jezi.

Nimesema kununua. Mkulima wa mkoa huu amechoshwa na makato ya kila kilo, na hata timu ninayoipenda hivi haina haki ya kuongeza kato jingine kimyakimya. Ushirika ukitaka kuingia, upeleke hoja kwenye mkutano wake mkuu, wanachama wapige kura, na mwaka unaofuata waonyeshwe walichopata. Hakuna mbia makini atakayefika hapo kama klabu haina hesabu zilizokaguliwa. Ndiyo maana naanzia ofisini.

Kuna uwanja pia. Uwanja wa Majimaji ni mali ya CCM, kama vilivyo viwanja vingi nchini, na klabu inaingia kama mpangaji. Enzi za Ligi Kuu, walipokuja Simba au Yanga mji ulijaa tangu asubuhi, jezi ziliuzwa hadi kando ya barabara ya Njombe, watu walitoka Peramiho na Namtumbo. Siku kama hiyo ingeweza kulipa mishahara ya miezi. Lakini mwanachama wa kawaida hajui mwenye uwanja alichukua kiasi gani, gharama za mchezo zilikuwa zipi, na kilichobaki kiliishia wapi. Mkataba wa miaka 10 kati ya klabu na mwenye uwanja, wenye asilimia zilizoandikwa na haki ya kuuza matangazo ukutani, ungeisaidia Majimaji kuliko mshambuliaji yeyote wa dirisha dogo.

Najua jibu la vijiweni: shabiki kazi yake ni kushangilia, uongozi una wenyewe. Sikubali. Anayeweza kukumbuka kikosi cha 1998 kuanzia kipa hadi wa akiba ana kichwa cha kutosha kusoma ukurasa mmoja wa mapato na matumizi. Anayekesha akibishana kama kocha alipaswa kuanza na washambuliaji wawili anaweza kukaa saa tatu kwenye mkutano mkuu. Kadi ya uanachama haizidi bei ya jezi. Mia tano kati yetu tukiwa na kadi hai, ukumbi ukajaa, mwenyekiti hatasoma taarifa ya mdomo akaondoka. Ataulizwa mkataba wa uwanja uko wapi, fedha za wadhamini wa misimu ile mitatu zilipita akaunti gani, na timu ya vijana ina bajeti kiasi gani mwaka huu. Akijibu vizuri tumpe nguvu. Akishindwa, apigiwe kura ya kuondoka kwa utaratibu wa katiba, na kocha aachwe afundishe.