Makumbusho si mtihani wa kumaliza

Akina mama, na nyinyi akina baba wachanga, likizo inakuja na najua wengi mnapanga kuleta watoto Nairobi. Mkifika Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, ombi langu ni moja: msijaribu kuyamaliza.

Naelewa. Nauli umelipa, kiingilio umelipa, unataka pesa yako ifanye kazi. Basi mtoto wa miaka minne anavutwa mkono chumba hadi chumba, tumbo tupu, miguu imechoka, na akilia anaambiwa hana shukrani. Huyo si mtundu jamani. Mwili wake umefika mwisho.

Mimi nasema chagua vitu vitatu tu.

Kwanza Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu. Mwaka 1970 Rais Kenyatta aliamuru alindwe na walinzi wenye silaha, na mwaka 1974 akafa kifo chake mwenyewe, bila risasi ya jangili. Sanamu yake ya ukubwa kamili iko uani. Hapo mtoto akimbie, apige kelele.

Pili, Kijana wa Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kule Nariokotome, na hatimaye ikapatikana mifupa mingi ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Watafiti waliona dalili za ugonjwa kwenye taya lake, pale jino la utoto lilipotoka. Simama hapo. Sisi manesi tunaisikia sana hii: "Ni jino la utoto tu, si litang'oka?" Ndiyo, litang'oka, lakini likioza na kuvimba, mpeleke hospitali. Usingoje.

Tatu, ukumbi wa mzunguko wa maisha, tangu kuzaliwa hadi uzee. Kama mmekuja na nyanya, mwacheni yeye aeleze. Anajua mengi kuliko yale maandishi ya ukutani.

Baada ya hapo tokeni nje, mkae kivulini, mtoto anywe maji, ale, abadilishwe nepi. Baba abebe begi. Saa moja na nusu inatosha kabisa. Vyumba vilivyobaki havitahama, lakini mtoto aliyechoshwa leo hatataka kurudi kesho.

Wako walisimama wapi muda mrefu zaidi? Niandikieni hapo chini.