Pini haingoji Jumatatu

Mimi ni Mtanzania, fundi cherehani, naishi Newtown hapa Johannesburg, jirani na stendi ya teksi ya Bree.

Mwezi uliopita binti yangu wa miaka miwili alimeza pini ya ushungi. Alikuwa akiniiga, maana sisi mafundi tuna tabia ya kubana pini midomoni tukiwa kazini. Tangu siku hiyo nimeiacha. Alikohoa, akaanza kutokwa na mate, maji akayakataa. Jirani alikuja mbio na ndizi na mkate: “Mpe ameze, itateremka.” Alikuwa na nia njema, lakini chakula kinaweza kuizamisha pini kwenye ukuta wa umio, na tumbo likijaa madaktari hushindwa kumlaza mtoto usingizi upesi. Kumtapisha nako ni hatari, pini inaweza kumchoma ikirudi.

Tulikimbilia kituo kimoja cha afya cha serikali. Getini mlinzi akadai kitambulisho cha Afrika Kusini kabla hata hajamtazama mtoto. Nikatoa pasipoti ya Tanzania. Akasema turudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi!

Kitu chenye ncha kilichokwama kwenye umio hutolewa kwa dharura, kwa mpira mwembamba wenye kamera, kabla hakijatoboa. Kikiwa tumboni, bado hutolewa kama kinafikika. Kikishapita hapo, mtoto hupigwa eksirei kila siku kukifuatilia. Kikigoma kusogea, au akipata homa na maumivu ya tumbo, hupasuliwa. Hospitali tuliyokimbilia baadaye ilitupokea, pini ikatolewa usiku uleule.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya nchi hii kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2003 inawapa watoto wa chini ya miaka 6 wasio na bima ya matibabu huduma za bure kwenye vituo vya umma, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kuwa haki hiyo haitegemei uraia wala karatasi.

Nawaomba wakuu wa afya wa mkoa wetu wa Gauteng wayabandike maneno hayo kwenye kila geti, na walinzi waelezwe wazi: mtoto anayetokwa na mate na kukataa maji aingizwe ndani kwanza, karatasi za mama yake zitaulizwa baadaye.

Mama Fundi,
Newtown, Johannesburg