Staa, hujabaunsi. Umeingia mitini!

Leo simtaji mtu, mwenyewe akisoma atajijua.

Yule staa aliyeletwa Masasi msimu wa korosho, kiingilio buku 10. Kapanda jukwaani saa 8 usiku, nyimbo mbili tu, tena kwa pleibeki, halafu kimya. Sisi tunasubiri, mabaunsa wanatuambia tulieni. Kumbe jamaa keshapita mlango wa nyuma kitambo. Asubuhi tunakuta kaposti: "Masasi nawapenda, tumebaunsi." Na makopakopa mekundu juu!

Hapo ndo iliponiuma. Kubaunsi najua ni lugha ya wana hip hop wa Marekani, yaani kusepa chap. Sina ugomvi na Kiingereza, form four yangu mnaijua, nakiokoteza hivyo hivyo. Ila hilo neno halisemi umeondokaje. Kiswahili chetu cha mtaani hakikuachii kirahisi hivyo. Ukisema nimesepa, poa, umeenda zako na hudaiwi. Umekula kona, kuna mtu ulikuwa unamkwepa. Umetoka nduki, kuna kitu kimekutisha. Ukiambiwa umeingia mitini, basi una cha watu. Sasa nyimbo mbili kwa buku 10 ndo kusepa huko?

Lingekuwa la mastaa tu ningenyamaza. Lakini limeshapanda mpaka huku juu Newala. Dogo mmoja wa bodaboda kijiweni kwetu, binti wa watu alipomwambia ana mimba, akamjibu kwa meseji ya maneno mawili: "Mi nimebaunsi." Akatuonyesha na simu. Wana wakacheka. Na mimi nilicheka, siwafichi. Lilisikika kama utani wa mastaa. Angeandika "nimekukimbia" nadhani kuna mtu pale kijiweni angemzaba kofi.

Miezi miwili baadaye nakutana na yule binti sokoni anauza ming'oko, tumbo limeshaanza kuonekana. Akanivuta pembeni, akaniuliza taratibu kabisa: "Kaka, eti Baunsi ni wapi? Ni huko machimboni?"

Maskini, alikuwa anaulizia nauli.

Jibu nilikuwa nalo, mdomo ukagoma. Nikanunua ming'oko ya buku, nikamwambia nina haraka, nikaondoka. Sasa hapo mimi nilisepa au nilikula kona? Semeni nyie.